Nani anakula shu yangu? Mwongozo kamili wa wadudu wa bustani ya mboga Lubumbashi

Jani la shu, yaani kabichi, lenye matundu halimtaji aliyelitoboa. Katika tuta moja la shu ya China, tundu dogo laweza kuwa kazi ya mbawakawa arukaye, kiwavi wa nondo, konokono wa usiku au kuku wa jirani. Kila mmoja ana dawa yake, na kinachomuua mmoja mara nyingi hakimgusi mwingine. Hata hivyo watu wengi wakiona matundu hukimbilia chupa ile ile waliyouziwa sokoni, wakapulizia tuta zima, na baada ya wiki mbili wadudu wamerudi wengi kuliko mwanzo.

Haya ninayoyaandika ni kwa wenye matuta machache nyuma ya nyumba katika komuni za Katuba, Kenya au Ruashi, na kwa wale wanaolima kwa ajili ya soko kandokando ya mto Kafubu na katika mabonde ya komuni ya Annexe. Ninachotaka ukishike ni hiki: mdudu hushindwa akiwa yai au mtoto, na anayegeuza majani ya mboga zake mara mbili kwa wiki hupunguza sana haja ya kununua sumu. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Kalenda yetu kwanza

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na mwaka wetu umegawanyika waziwazi. Mvua kubwa ni Novemba hadi Machi. Mei hadi Septemba hakuna mvua ya maana. Mboga nyingi za majani tunazilima kiangazi, kwa maji ya kisima au ya mto. Fikiria maana yake kwa mdudu: nyasi zimekauka, zimechomwa moto, vumbi kila mahali, na katikati ya ukavu huo kuna matuta yako mabichi. Kila mwenye njaa atakuja hapo.

Juni na Julai usiku ni baridi, na baridi hiyo huchelewesha viwavi kukua. Agosti joto likianza kupanda, mambo hubadilika haraka. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, ndiyo miezi ya kuichunga shu kuliko miezi mingine yote. Mvua ikishuka kwa nguvu huwaangusha viwavi wadogo na vidukari kutoka majanini, nao wengi hawarudi. Lakini mvua hiyo hiyo huleta konokono, na kwenye mahindi huleta viwavijeshi. Ukipanga tarehe za kupanda kwa kuzingatia haya, umeshapata nusu ya kinga bila kutoa hata franka moja.

Hatua ya kwanza: weka siku mbili za ukaguzi

Chagua siku mbili katika wiki na uzishike, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Nenda asubuhi mapema, kabla jua halijachoma, kwa sababu wadudu wengi huwa wazito kwa baridi na hawakimbii. Beba kopo lenye maji ya sabuni, kijiti cha kuchokonolea udongo, daftari na simu. Kamera ya simu ukiisogeza karibu na kukuza picha itakuonyesha mayai ambayo macho matupu huyapita.

Usikague mimea ya pembeni tu. Pita tuta kwa mtindo wa zigizaga na uchague mimea kama 20, na kwenye kila mmoja angalia sehemu tatu: moyo wa mmea, upande wa chini wa majani, na shina linapogusana na udongo. Andika ulichokiona na idadi yake. Viwavi watatu kwenye mimea 20 ni jambo la mikono. Viwavi kwenye kila mmea ni jambo jingine. Bila kuhesabu utakuwa unaamua kwa hofu.

Mara moja kwa wiki rudi usiku na tochi. Sota (viwavi wakata miche), konokono na nondo hufanya kazi giza likishaingia, na mchana huwaoni kabisa.

Hatua ya pili: soma jeraha

Kabla ya kumtafuta mdudu, tazama alichokifanya. Namna ya kula humtambulisha mlaji, na hapa ndipo mkulima anapookoa fedha nyingi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza na shu. Ukiona alama ambapo nyama ya jani imeliwa kutoka chini lakini ngozi nyembamba ya juu imebaki, ikipitisha mwanga, huyo ni mtoto wa nondo mgongo-almasi. Baadaye ngozi hiyo hukauka na kupasuka, tundu likabaki wazi. Mguse kwa ncha ya kijiti: atajinyonganyonga kwa kasi kurudi nyuma, kisha atajiangusha na kuning'inia kwa uzi mwembamba. Viwavi wachache hufanya hivyo kwa ukali wake, na ukishamwona mara moja hutamsahau.

Matundu mengi madogo sana yaliyotawanyika kwenye majani machanga, na vidudu vyeusi vinavyong'aa vikiruka unapokaribia, hao ni mbawakawa warukao. Huumiza miche; shu iliyokwisha kukomaa hustahimili. Ukikuta moyo wa shu umeliwa, una nyuzi za utando na kinyesi chenye unyevu, ni kiwavi mtoboa moyo. Shu hiyo haitafunga, au itatoa vichwa vidogo vitatu vinne visivyouzika. Ukiona majani ya miche ya shu yana mabaka meupe yaliyokauka, tafuta kunguni mdogo mweusi mwenye madoa ya chungwa na meupe, mara nyingi wawili wawili wakiwa wamegeuziana mgongo, wanapandana. Huyo ni bagrada, mpenzi wa joto na ukavu, na mayai yake huyaficha kwenye udongo, tofauti na wengi wa jamaa zake.

Mche uliosimama jana na leo umelala, umekatwa usawa wa ardhi, ni kazi ya sota. Usipulizie kitu. Chokonoa udongo kuzunguka mche huo, kina cha vidole viwili vitatu, utamkuta amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Mara nyingi yuko palepale alipokata.

Kwenye lengalenga (mchicha), jani lililokunjwa na kushonwa kwa utando lina kiwavi wa kijani ndani yake. Mama yake ni nondo mdogo wa kahawia mwenye mstari mweupe kwenye mabawa, ambaye huruka kidogo na kutua tena unapopita kati ya matuta. Lengalenga inayonyauka ghafla bila jeraha kwenye majani, ipasue shina: huenda kuna mtoto wa fukusi ndani, mweupe, asiye na miguu.

Matembele yana wageni wawili wakubwa. Wa kwanza ni kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye kingo za kahawia, Acraea acerata. Hutaga mayai ya manjano hafifu, mia na zaidi kwa pamoja, na viwavi wadogo hukaa kundi moja chini ya utando kwa karibu wiki mbili kabla ya kutawanyika. Wakiwa kwenye kundi, kung'oa jani moja ni kuwaondoa wote. Wakishatawanyika, mchana hujificha chini na wewe unabaki kushangaa nani anakula. Wa pili ni kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani, anayeweza kufika sentimita 9, wa kijani au kahawia. Huyu humaliza jani zima na kuacha vipande vikubwa vya kinyesi chini. Fuata kinyesi kwa macho kwenda juu, utamkuta. Ukilima udongo wa matembele, pupa lake hutoka: la kahawia, linateleza, lenye kitu kilichojipinda upande wa mbele kama mpini wa jagi. Ndani ya mpini huo ndimo ulimi mrefu wa nondo unamokua.

Kwenye nyanya, mabaka makubwa yaliyokauka yanayoonekana kama vyumba ndani ya jani, yenye kinyesi cheusi, ni dalili ya nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, Tanzania mwaka 2014, na majirani zetu wa Zambia walimthibitisha mwaka 2016. Mstari mwembamba mweupe unaozungukazunguka ni wa nzi mchimba majani, ambaye madhara yake ni madogo zaidi. Tofautisha hao wawili kabla ya kuogopa. Tundu la duara kwenye tunda lenyewe, huku nusu ya kiwavi ikiwa nje, ni kiwavi wa matunda, Helicoverpa armigera.

Kibwabwa (mboga ya maboga) au biringanya yenye majani yaliyobaki mishipa tu, utakuta mbawakawa wa mviringo mwenye madoa mengi, asiyeng'aa, mwenye vinyweleo. Nitarudi kwake, maana wengi humchanganya na rafiki. Majani yaliyojikunja, yanayonata, yenye ukungu mweusi na sisimizi wanaopanda na kushuka, ni vidukari au nzi weupe. Na njia ya ute unaometa asubuhi, hata mtoto atakwambia ni konokono.

Hatua ya tatu: jua ana umri gani

Vipepeo, nondo, mbawakawa, nzi na nyigu hupitia hatua nne: yai, mtoto, pupa, mkubwa. Vidukari, kunguni na panzi hawana pupa. Mtoto hufanana na mzazi, isipokuwa hana mabawa kamili. Hili lina faida shambani. Kipepeo mkubwa hali jani. Hunywa maji ya maua. Kumkimbiza kwa kofia ni kupoteza asubuhi yako. Anayekula ni mtoto wake, na kipindi cha kula hasa ni siku za mwisho kabla ya kuwa pupa. Kiwavi mkubwa, mnene, asiyetulia, ambaye tayari anatafuta mahali pa kujifunga, keshakula karibu kila alichokuja kula.

Mchukue nondo mgongo-almasi kama mfano, kwa sababu ndiye adui nambari moja wa shu duniani. Mkubwa ana urefu wa kama milimita 8, kijivu-kahawia, na akikunja mabawa mgongoni huonekana mfululizo wa umbo la almasi lenye rangi hafifu. Jike hutaga mayai zaidi ya 100, ya manjano, madogo mno, moja moja au machache pamoja, kando ya mishipa ya jani. Siku chache baadaye mtoto hutoka na kuingia ndani ya jani kwanza. Ndiyo maana dawa ya kupulizia juu haimfikii siku hizo. Kisha hutoka, hula upande wa chini, hufikia kama sentimita moja, na kujifunga kwenye kifukofuko cha nyuzi kilichotoboka-toboka, hapo hapo kwenye jani. Joto likiwa zuri, mzunguko wote ni wiki mbili hadi tatu. Kati ya Agosti na Oktoba anaweza kupata vizazi kadhaa kwenye shamba lako, na kila kizazi kinachonusurika sumu kinazaa watoto wanaoistahimili. Mwaka 1953, huko Java, Indonesia, alikuwa mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuizoea sumu ya DDT, na tangu hapo ameshazizoea sumu za aina nyingi. Anayeongeza dozi ya dawa iliyokwisha kushindwa anamfundisha nondo huyu, na anailisha familia yake sumu.

Hesabu pia miguu. Kiwavi wa kipepeo au nondo ana miguu sita ya kweli mbele, halafu miguu ya nyama isiyozidi jozi tano nyuma. Ukihesabu jozi sita au zaidi za miguu ya nyama, si kiwavi wa kipepeo. Ni mtoto wa nyigu wa majani, ambaye kwenye shu huwa mweusi-kijivu na hujikunja akiguswa. Tofauti hii ina maana utakapofika kwenye dawa ya bakteria, kwa kuwa haimwui huyo wa pili.

Hatua ya nne: watambue walio upande wako

Hapa naomba uvumilivu wako wote, kwa sababu ndipo madhara makubwa hufanyika. Wanaoua wadudu waharibifu kila siku, bure, ndio wanaokufa kwanza mtu anapopulizia.

Koksineli, yule mbawakawa mwekundu au wa chungwa anayeng'aa, watu wanamjua. Mtoto wake hawamjui. Ni mrefu, mweusi-kijivu, ana madoa ya chungwa na miguu sita inayokwenda mbio, na sura yake inatisha kiasi kwamba huuawa kila siku na watu wenye nia njema. Mtoto huyo mmoja hula vidukari mamia kabla ya kuwa mkubwa. Sasa yule niliyeahidi kurudi kwake: koksineli mla-majani. Yeye hang'ai, ana vinyweleo, madoa ni mengi, na mtoto wake ni wa manjano mwenye miiba yenye matawi. Ukimkuta kwenye kibwabwa mwondoe. Anayeng'aa, aliye katikati ya vidukari, mwache.

Kati ya vidukari hao hao utaona funza mdogo wa kijani asiye na miguu, akiinua kichwa na kukipeleka huku na huku. Huyo ni mtoto wa nzi wa maua, naye anawala. Utaona pia mayai yaliyosimama juu ya vijiti vyembamba kama unywele. Ni ya mdudu wa kijani mwenye mabawa ya wavu, mwindaji mkubwa. Na ukitazama kwa makini utaona vidukari vilivyovimba, vikawa vya rangi ya kahawia ya dhahabu, vimekauka, visivyosogea. Baadhi vina tundu la duara mgongoni, limekatwa safi. Nyigu mdogo kuliko punje ya mtama alitaga yai ndani ya kidukari, mtoto akamla kutoka ndani, akakata mlango na kutoka. Ukikuta vidukari wengi wa namna hiyo kwenye jani, weka pampu chini. Subiri siku chache, kazi inaendelea bila wewe.

Nyigu wa aina hiyo huwamaliza hata mgongo-almasi. Kenya, ile nchi ya Afrika Mashariki, mwaka 2002 waliachiliwa nyigu aina ya Diadegma semiclausum katika maeneo ya juu yanayolima kabichi, ili wamdhibiti nondo huyu. Sisi hatuhitaji kuagiza mtu ndipo tuanze: tunahitaji kutowaua tulio nao. Acha maua machache kwenye kingo za matuta, kwa mfano giligilani iliyokwisha kuchanua, maana nyigu na nzi wa maua hunywa hapo.

Ongeza kwenye orodha kivunjajungu na kifuko chake cha mayai kinachofanana na povu lililokauka, buibui, mijusi, kinyonga, na nyigu wakubwa wanaobeba viwavi kupeleka kwenye viota vyao. Nyuki usiwaguse kabisa. Ua jike la kibwabwa, lile lenye tunda dogo chini yake, hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana kuisha. Asipopita nyuki saa hizo, tunda litanyauka na kuanguka.

Na wale vipepeo wazuri? Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege kwenye mlimao wako ni wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano, Papilio demodocus. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mlimao mkubwa humvumilia; mche mdogo usaidie kwa kumhamishia kwenye mti mkubwa. Kipepeo wa chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, Danaus chrysippus, viwavi wake hula magugu yenye utomvu mweupe. Mboga zako hazimhusu.

Hatua ya tano: mikono kwanza

Ponda mayai kwa kidole gumba. Ng'oa jani lenye kundi. Viwavi watie kwenye kopo la maji ya sabuni, au wape kuku kama tuta halijapuliziwa. Wenye manyoya marefu usiwashike kwa mkono mtupu, baadhi huwasha vibaya na watoto wakijigusa macho ni shida. Tumia kijiti au glavu. Lengalenga zilizokunjwa zikate na uzitoe nje ya bustani, maana mmea huo huchipua upesi.

Panzi wenye rangi nyingi wanaonuka, wale wanaopenda sombe (majani ya mihogo), wakiwa wachanga hukaa makundi makundi. Asubuhi ya baridi hawana nguvu ya kuruka. Weka beseni chini, tikisa tawi.

Kwa vidukari wachache, maji ya kasi kutoka kwenye bidoni (dumu) yenye tundu yanatosha. Jike la kidukari huzaa bila dume, na mtoto huweza kuzaa baada ya kama wiki moja. Usiahirishe hadi Jumapili ijayo. Shughulikia pia sisimizi: wao hulinda vidukari kwa sababu ya maji matamu yanayotoka kwa vidukari hao. Wakizuiwa kupanda, walinzi wako huingia kazini.

Hatua ya sita: zuia kabla hawajafika

Kitalu ndicho kinachofaa kufunikwa, kwa sababu ni kidogo na miche haiwezi kujitetea. Pinda fito nyembamba juu yake, tandaza kitambaa chepesi cha wavu kiitwacho tule, fukia kingo kwa udongo ili nondo asipite chini. Chandarua cha kulalia kiache kitandani.

Usioteshe kitalu kipya karibu na shu kuukuu. Kwa nondo huo ni mlango wa pili. Usirudishe shu, shu ya China na radisi kwenye tuta lile lile mfululizo, kwani ni ukoo mmoja na wana maadui wale wale. Zifuatishe na lengalenga, vitunguu au maharagi. Kabla ya kupandikiza, lima tuta na uliache wazi kwa wiki mbili bila magugu: sota hukosa chakula na ndege huwaokota.

Kumwagilia nako ni kinga. Kiangazi, nyunyizia shu kutoka juu jioni nondo wanapoanza kuruka. Matone huwavuruga wasipandane wala kutaga kwa utulivu, na udongo ulioloweka kisha ukapaliliwa kidogo huharibu mayai ya bagrada. Wakati wa mvua usifanye hivyo, majani yanayolala na maji huoza.

Hatua ya saba: dawa nyepesi

Maji ya sabuni kwa vidukari na nzi weupe: vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja, au sabuni ya kipande iliyokunwa na kuyeyushwa. Yafikishe chini ya majani, kwa kuwa yanaua kwa kugusa tu. Jaribu kwenye majani machache na usubiri siku moja uone kama yanaungua. Pulizia jioni.

Majivu makavu, yaliyochekechwa, yakinyunyizwa kwa wembamba kuzunguka miche huwasumbua sota na mbawakawa warukao. Yakilowa hayana kazi, na yakizidi huharibu udongo.

Mwarobaini, kama una mti karibu: twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, tumia siku hiyo hiyo. Hauui papo hapo. Mdudu huacha kula na kushindwa kukua. Usiuhukumu kesho yake asubuhi.

Tefrosia, ule mmea ambao wavuvi huuponda kulevya samaki, nao unafanya kazi kwa vidukari na viwavi wadogo. Majani nusu kilo kwa lita tano za maji, yaliyopondwa na kulowekwa usiku, yenye sabuni kidogo. Lakini kuitwa ya asili hakuifanyi iwe salama: funika pua unapoponda, usioshe pampu mtoni wala karibu na bwawa la samaki, na usipulizie mboga ya majani unayotarajia kuvuna siku hizo.

Ukiipata dukani dawa ya bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis, ndiyo ninayoipendelea kwa shu. Kiwavi wa nondo lazima aile, kisha huacha kula na kufa baada ya siku mbili tatu. Koksineli, nyuki na nyigu hawaguswi. Inafanya kazi vizuri kwa viwavi wadogo, na jua huiharibu, kwa hiyo ni ya jioni na ya upande wa chini wa jani.

Kama ni lazima sumu kali

Hali hiyo hutokea, hasa nyanya zikivamiwa na Tuta absoluta. Nunua chupa iliyofungwa yenye lebo unayoweza kuisoma, kamwe usinunue iliyogawanywa kwenye chupa ya maji au ya soda. Iliyotengenezwa kwa ajili ya pamba si ya lengalenga. Tafuta kwenye lebo idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uiheshimu. Kwa lengalenga inayokatwa kila baada ya wiki mbili tatu, dawa nyingi haziwezekani kabisa. Vaa mikono mirefu, glavu na barakoa, pulizia upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali. Badilisha aina ya kiambato, si jina la kibiashara tu, kati ya kizazi kimoja cha wadudu na kingine. Chupa tupu isuuze mara tatu, itoboe, isije ikatiwa mafuta ya kupikia.

Udongo wa mji huu umekwisha kubeba vumbi la shaba na madini mengine kutoka viwandani kwa zaidi ya miaka mia. Mboga zetu zinahitaji kuoshwa kwa maji mengi hata bila dawa. Sioni sababu ya kuwaongezea walaji mzigo wa pili.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mvua zinapoanza: kama tunakula viwavi, kwa nini tusile hawa wa bustani? Wale wanaouzwa sokoni hutoka msituni, kwenye miti kama mutondo, na wavunaji wanazijua aina zao moja moja. Wa bustani usile. Huwezi kujua jirani alipulizia nini, na baadhi hubeba sumu ya mmea waliokula.

Baada ya kuvuna

Hapa ndipo bustani nyingi hupoteza msimu unaofuata. Shina la shu lililobaki ardhini baada ya kichwa kukatwa huchipua majani machanga, na majani hayo hulea mgongo-almasi na vidukari hadi upandikize tena. Ng'oa mashina yote siku ile ile ya mavuno, yafukie kina cha goti au yalishe mifugo kama hayana dawa. Nyanya zilizotobolewa usizirundike pembeni. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, uuache juani kwa wiki mbili. Mahindi yakiwa ya jirani na mboga, kagua moyo wake kuanzia wiki ya pili: kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016, ana alama ya Y iliyogeuzwa usoni na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia.

Kisha fungua daftari lako, tazama ni wiki gani shu ilianza kushambuliwa mwaka huu, na upange upandikizaji wa mwaka ujao ili vichwa viwe vimeshafunga na kuuzwa kabla ya wiki hiyo. Kwa bustani nyingi za hapa, maana yake ni kusia mbegu mwezi Aprili, kupandikiza Mei, na kuwa umemaliza kuuza kabla Septemba haijaingia.